Kusomea FNP mtandaoni Marekani: masomo ni mazuri, tatizo liko kwa prisepta

Programu nyingi za mtandaoni za FNP, yaani muuguzi mbobezi wa familia, zinafanya vizuri kile zinachokitangaza: kumsomesha nesi mwenye ajira, watoto na zamu za usiku bila kumhamisha mji. Mihadhara ipo saa 24, maktaba ipo, mwalimu anajibu barua pepe. Upande huo tunazipa alama za juu bila kusita. Zinapotofautiana kama mbingu na ardhi ni upande usioonekana kwenye tangazo: nani anakutafutia mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na nini kinafuata asipopatikana prisepta, yaani mtu wa kukupokea kliniki. Hapo ndipo tunapozipimia.

FNP ni RN, yaani nesi aliyesajiliwa, aliyeongeza shahada ya uzamili au ile ya udaktari wa uuguzi wa vitendo, DNP, akafaulu mtihani wa kitaifa, akapewa leseni ya jimbo ya kupima wagonjwa, kutambua maradhi, kuagiza vipimo na kuandika dawa kwa watu wa rika zote, kuanzia mtoto mchanga hadi mzee. Fani ya wauguzi wa namna hii ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walipoanza kuwafundisha manesi huduma ya afya ya watoto. Neno "familia" katika cheo hiki lina uzito: mafunzo yake ni ya huduma ya msingi. Anayetaka kufanya kazi ICU achague AGACNP, programu ya wagonjwa mahututi watu wazima na wazee, kwa sababu hospitali nyingi na baadhi ya bodi za majimbo hazimkubali FNP huko hata kama alikuwa RN wa ICU kwa miaka 10. Kosa hili hugunduliwa wakati wa kutafuta kazi, na dawa yake ni kurudi darasani kuchukua cheti cha pili.

Kabla hujalipa ada ya maombi

Mlango wa kwanza ni leseni ya RN ya Marekani isiyo na vizuizi. Mwombaji aliye nje ya Marekani, hata awe na digrii ya uuguzi na uzoefu mkubwa, hawezi kuanza FNP kwanza akitegemea kupata leseni baadaye. Anaanza kwa vyeti vyake kutathminiwa, mara nyingi kupitia TruMerit (zamani CGFNS), shirika la kukagua vyeti vya wauguzi waliosomea nje, kisha anafanya mtihani wa leseni ya RN, NCLEX-RN. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 naye asikilize vizuri. Kanuni za viza hiyo zinamruhusu kuhesabu somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, katika mzigo wake wa masomo wa muhula. Programu ya mtandaoni pekee haimfai, na usitegemee ofisi ya udahili ndiyo ikukumbushe.

Zaidi ya leseni, vyuo vingi vinataka BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi, yenye wastani wa 3.0 kati ya 4.0 na mwaka mmoja au miwili ya kazi ya RN. Pale ambapo chuo hakidai uzoefu wowote, sisi bado tunashauri miaka miwili. Prisepta ana wagonjwa 18 au 20 kwa siku. Atakufundisha kuamua, lakini hana nafasi ya kukufundisha upya kusoma matokeo ya maabara au kumtambua mgonjwa anayezidiwa mbele yako.

Ithibati ni mbili, na zote zinahitajika. Chuo kiwe na ithibati ya jumla, na programu ya uuguzi yenyewe iwe na ithibati ya CCNE, ACEN au NLN CNEA. Hakikisha kwenye tovuti ya shirika la ithibati, si kwa kutazama nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa wa chuo. Programu mpya inayosema "tumeomba ithibati" inakutwisha wewe hatari yote: ikinyimwa, mlango wa mtihani wa kitaifa unafungwa na ada imeshaliwa.

Halafu kuna suala la jimbo, na hapa watu wengi hujikwaa. Vyuo hufundisha wanafunzi wa majimbo mengine kupitia NC-SARA, makubaliano ya majimbo kutambuliana vyuo vinavyofundisha kwa masafa, lakini makubaliano hayo hayaigusi bodi ya uuguzi ya jimbo lako. California haimo kabisa katika makubaliano hayo. California, New York na Washington zina taratibu zao za kuidhinisha programu za nje kabla mwanafunzi hajagusa mgonjwa ndani ya mipaka yao. Kanuni za serikali kuu zinakitaka chuo kieleze hadharani ni majimbo gani programu yake inakidhi masharti ya leseni. Tafuta ukurasa huo, soma mstari wa jimbo unaloishi na wa jimbo unalofikiria kuhamia, kisha uhifadhi nakala yenye tarehe. Ukihama katikati ya masomo, mwambie mshauri wako kabla hujafunga mizigo. Tusidanganyane, masomo ya mtandaoni hayamaanishi kwamba unaweza kusomea popote.

Leseni ya RN ya mkataba wa majimbo inakubalika katika majimbo zaidi ya 40, kwa hiyo inarahisisha kufanya vitendo jimbo jirani. Leseni ya FNP haina mkataba wa namna hiyo unaofanya kazi. Kila jimbo unaomba upya.

Masomo yenyewe

Shahada ya uzamili ya FNP kwa kawaida ina krediti 40 hadi 50, na anayesoma huku akifanya kazi humaliza kwa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Aliyekwisha kuwa na uzamili wa uuguzi wa fani nyingine anaweza kuchukua cheti cha baada ya uzamili, ambacho ni kifupi zaidi. Chuo hulinganisha masomo yake ya zamani na yanayotakiwa, kisha kumpangia yaliyopungua.

Kiini ni masomo matatu ya msingi: patofiziolojia, famakolojia na uchunguzi wa mwili, yote ya ngazi ya juu. Lazima kila moja liwe somo linalojitegemea kwenye rekodi yako ya masomo. Programu ikiyachanganya mawili kuwa somo moja, uliza maswali, maana waidhinishaji wa mtihani na bodi za majimbo huyatafuta kwa majina.

Famakolojia ndiyo inayowaangusha manesi wazuri. RN amezoea kuuliza kama dawa iliyoandikwa ni salama kutoa. Sasa anaulizwa aandike ipi, kwa kipimo gani, na arudi kuangalia nini. Mgonjwa wa presha anakunywa lisinopril na amepata kikohozi kikavu: FNP anatakiwa kujua kwamba kikohozi hicho kinatokana na kundi lile la dawa, kwamba losartan iko kundi jingine lisilo na tabia hiyo, na kwamba baada ya kuanza au kuongeza dawa za aina hizi potasiamu na kreatinini hupimwa tena ndani ya wiki chache. Mgonjwa wa kisukari mwenye eGFR, kipimo cha utendaji wa figo, chini ya 30 haandikiwi metformin. Maswali mengi ya mtihani yanafanana na hayo. Mwanafunzi anayekariri majina ya dawa bila makundi na figo hupotea wiki ya nne.

Chunguza pia urefu wa muhula. Programu nyingine zina vipindi vya wiki 8, nyingine wiki 15 au 16. Wiki 8 zinavutia kwa sababu unabeba somo moja kwa wakati, na kwa somo la nadharia au utafiti zinafaa kabisa. Kwa patofiziolojia ni kama kunywa maji ya bomba lililopasuka: sura nne au tano kwa wiki, mtihani kila baada ya siku 14. Wagonjwa wako wa zamu za usiku hawatapungua kwa sababu una mtihani. Tunapendelea wiki 16 kwa masomo yale matatu, hata kama kumaliza kutachelewa. Alama ya kufaulu mara nyingi ni B; C inarudiwa, na C ya pili humtoa mwanafunzi. Soma kanuni hiyo kwenye kitabu cha mwongozo kabla ya kujiandikisha, si siku matokeo yanapotoka.

Mitihani hufanyika nyumbani chini ya ulinzi wa kamera na programu inayofunga kurasa nyingine za kompyuta. Mambo yanayoharibika ni yaleyale kila muhula: kompyuta ya kazini isiyokubali kusakinishwa kitu, saa ya ukutani au karatasi zilizobaki mezani, mtoto anayeingia chumbani, Wi-Fi inayokatika. Fanya jaribio siku mbili kabla, unganisha waya wa intaneti moja kwa moja, na uwe na namba ya msaada wa kiufundi kwenye simu. Mtihani ukikatika, piga picha ya skrini yenye saa kabla hujafanya lolote jingine.

Kitu ambacho wengi hawakitarajii ni video ya uchunguzi wa mwili kuanzia kichwani hadi miguuni. Unatafuta mtu mzima wa kukubali kuchunguzwa, unajirekodi kwa dakika 30 hadi 45 bila kukata, unapakia, mwalimu anakupa alama mstari kwa mstari. Alama hupotea kwa vitu vidogo. Weka kamera pembeni, urefu wa kifua, kama mita 2, ili mikono yako ionekane. Kamera iliyo mbele huzibwa na mgongo wako. Sema kwa sauti unachokifanya na unachokikuta. Stetoskopu iguse ngozi, si fulana. Moyo husikilizwa sehemu tano, si nne. Kwa mapafu, linganisha kulia na kushoto kila hatua, na usisahau sehemu ya kati ya pafu la kulia, inayosikika mbele na chini ya kwapa. Anayesikiliza mgongoni tu hajaisikia. Tumboni mpangilio hubadilika: tazama, sikiliza, gonga, ndipo ubonyeze, kwa kuwa kubonyeza kwanza kunaweza kubadilisha sauti za matumbo. Ukiingiza otoskopu, sikio la mtu mzima livutwe juu na nyuma. La mtoto mdogo, chini na nyuma.

Na usiiache siku ya mwisho. Faili la dakika 30 la 1080p linaweza kufika gigabaiti 1.8, kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, hiyo ni takriban dakika 48, kama hakuna kitakachokatika. Rekodi kwa 720p ikiwa chuo kinakubali.

Wagonjwa wa kuigizwa kwenye kompyuta wanasaidia kujizoeza kuuliza historia, hasa kwa mtu mwenye haya, lakini wana kasoro: programu inatafuta maneno fulani, na mwanafunzi anajifunza kuiridhisha mashine. Hayo ni mazoezi tu. Vyuo makini bado huwaita wanafunzi kwa siku chache za mikono: kushona kidonda, kuchukua kipimo cha mlango wa kizazi, kuchunguza viungo. Frontier Nursing University ya Kentucky, iliyoanza kufundisha kwa masafa mwaka 1989 kupitia ukunga, ina wanafunzi kote nchini na bado inataka wafike chuoni kabla ya kuanza vitendo. Programu isiyo na hata siku moja ya namna hiyo inampunguzia mwanafunzi gharama ya nauli na inampunguzia pia kitu atakachokihitaji siku ya kwanza kliniki.

Prisepta

Prisepta ni FNP au daktari mwenye leseni anayekubali ukae naye kliniki, uwaone wagonjwa wake, uamue, na yeye athibitishe. Kwa kawaida halipwi na chuo. Bila yeye huhitimu, hata ukiwa na A kila somo.

Viwango vya kitaifa vya elimu ya fani hii vilivyotolewa mwaka 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa halisi. Kabla ya hapo kiwango kilichozoeleka kilikuwa 500. Saa za kompyuta na za maabara ya chuo hazihesabiwi humo. Piga hesabu kabla hujaingia: siku mbili za saa 8 kwa wiki, kwa wiki 16, ni saa 256; mihula mitatu ya namna hiyo inakupa 768. Hiyo inawezekana kwa mtu aliyepunguza kazi. Sasa chukua programu ya vipindi vya wiki 8 inayotaka saa 250 kwa kipindi: ni zaidi ya saa 31 kwa wiki, juu ya kazi yako, juu ya kusoma. Prisepta akiugua wiki moja, huna pa kuzifidia. Kwa hiyo swali la wiki 8 au 16 lina uzito hapa kuliko popote.

Saa hizo zigawanyike kwa rika zote: watu wazima, wazee, watoto, afya ya wanawake. Watoto na wanawake ndio wagumu. Kliniki za watoto hupendelea wanafunzi wa vyuo vya udaktari zilivyozoeana navyo, na wagonjwa wa afya ya wanawake wana haki ya kukataa mwanafunzi. Anza kutafuta hizo mbili kwanza. Vituo vya huduma ya haraka vinapokea kwa urahisi zaidi, lakini mafua na vifundo vilivyoteguka havikufundishi kumfuatilia mwenye kisukari kwa miezi sita, na vyuo vingi vinaweka kikomo cha saa za huko.

Kuna aina tatu za programu. Ya kwanza inakutafutia prisepta na inawajibika ikishindwa. Ya pili inasema "tunasaidia", maana yake ina orodha ya zamani ya namba za simu na mfanyakazi mmoja kwa mamia ya wanafunzi. Ya tatu inakuachia wewe kila kitu. Tunazipa za kwanza alama zote hata ada yao ikizidi, kwa sababu muhula mmoja wa kusubiri hugharimu kuliko tofauti ya ada. Tukiri pia kwamba wanaokutafutia wanaweza kukupeleka saa moja na nusu kwa gari kutoka nyumbani, na ukikataa nafasi hiyo huenda wasikutafutie nyingine. Za tatu si mbaya kwa mtu anayefanya kazi kliniki yenye FNP watano wanaomfahamu. Kwa aliyehamia mji mpya, asiyejuana na mtu, hatuzipendekezi.

Maswali ya kumuuliza ofisa udahili, kwa maandishi ili majibu yabaki: Nani ana wajibu wa kupata prisepta? Muhula uliopita ni wanafunzi wangapi walichelewa kuanza vitendo kwa kukosa mahali? Nikikosa, nalipa nini na nafasi yangu inashikiliwa kwa muda gani? Mna mikataba na kliniki zipi ndani ya maili 50 kutoka kwangu? Mwalimu atakuja kunitazama ana kwa ana au kwa video, na mara ngapi? Ofisa akijibu "hakuna aliyewahi kukosa", omba kuzungumza na mratibu wa mafunzo kwa vitendo. Mratibu ndiye anayejua.

Ukilazimika kutafuta mwenyewe, anza miezi 6 hadi 9 kabla. Mifumo mikubwa ya hospitali haipokei ombi la mwanafunzi. Inapokea la chuo tu, kwa tarehe zao. Kliniki ndogo binafsi na vituo vya afya vya jamii ndiko kwa kwenda. Barua yako iwe fupi: jina, chuo, somo, saa ngapi, rika gani, tarehe ya kuanza na kumaliza, siku unazoweza kufika, kazi yako ya sasa ya RN, na kwamba chuo kinaleta bima ya dhima na mkataba. Ambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja. Mpelekee pia meneja wa ofisi, maana daktari anasema ndiyo na meneja anasema hakuna chumba. Fuatilia baada ya siku 7, kisha nenda mwenyewe asubuhi kabla wagonjwa hawajajaa. Katika barua 30, majibu mawili ya maana ni mavuno ya kawaida, usikate tamaa.

Prisepta akikubali, kazi haijaisha. Chuo na kliniki lazima vitiane saini mkataba, na hapo ndipo wanasheria wa pande zote mbili huvutana kwa wiki kadhaa, pengine miezi, juu ya kifungu cha bima. Huruhusiwi kuanza bila mkataba huo, na saa ulizofanya kabla yake zinafutwa. Wakati mkataba unasubiri, kamilisha faili lako: chanjo na vipimo vya kinga, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha BLS (huduma ya kuokoa maisha), uchunguzi wa historia ya uhalifu, kipimo cha dawa za kulevya, leseni ya RN ya jimbo husika. Kipimo kimoja kikiisha muda katikati ya muhula, mfumo unakufungia na saa zinasimama hadi ukihuishe.

Kufanya vitendo mahali unapofanya kazi mara nyingi kunaruhusiwa, mradi iwe idara nyingine, prisepta asiwe bosi wako, na usiwe kwenye malipo ya RN saa hizohizo. Na kuna kampuni zinazouza prisepta kwa mwanafunzi. Zipo halali, zinaleta watu wenye leseni, na kwa aliyebakiza wiki tatu zinaokoa muhula. Ila gharama ya vipindi vyote huweza kufika dola elfu kadhaa, na si kila chuo kinawakubali, kwa hiyo pata idhini ya chuo kwa maandishi kabla ya kulipa amana.

Rekodi kila mgonjwa siku hiyohiyo kwenye mfumo wa kuhesabu saa: umri, utambuzi, ulichokifanya, kiasi cha ushiriki wako. Anayeacha hadi Jumapili husahau nusu, na prisepta akiondoka kazini kabla hajaidhinisha saa zako, kumfuatilia ni mateso.

Fedha

Bei ya krediti haitoshi kulinganisha programu. Krediti 46 kwa dola 700 ni dola 32,200, lakini ongeza ada ya teknolojia, ada ya vitendo, mfumo wa kurekodi saa, leseni ya wagonjwa wa kompyuta, nauli na hoteli za siku za chuoni, vifaa, petroli. Kubwa kuliko vyote halimo kwenye ankara: saa 750 hazilipwi. RN wa dola 40 kwa saa akipunguza kazi kwa saa hizo anakosa dola 30,000. Yaani gharama halisi inakaribia mara mbili ya ile iliyotangazwa.

Mikopo ya serikali kuu imebadilika. Mkopo wa Grad PLUS umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na mkopo wa moja kwa moja wa mwanafunzi wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Unahitaji kusoma angalau nusu ya mzigo ili ukopesheke, na kipindi chenye somo moja dogo huenda kisifikishe. Mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kodi. Soma masharti ya miaka ya kubaki naye. Baada ya kuhitimu, mpango wa serikali kuu wa Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa miaka miwili ya kazi kwenye kituo chenye upungufu mkubwa, na asilimia 25 zaidi kwa mwaka wa tatu. Ushindani upo, usiuweke kwenye bajeti kama uhakika.

Mtihani na leseni

Kuna mitihani miwili, unachagua mmoja. Wa AANPCB, unaokupa FNP-C, una maswali 150, 135 yakihesabiwa, kwa saa 3, na karibu yote ni ya kliniki. Wa ANCC, unaokupa FNP-BC, una maswali 175, 150 yakihesabiwa, kwa saa 3 na nusu. Pamoja na kliniki unauliza utafiti, maadili na uongozi, na una maswali ya kuburuta na ya kubofya picha. Waajiri na majimbo wanaikubali yote. Aliye imara kliniki na anayechoshwa na nadharia achukue wa AANPCB. Anayetaka kufundisha chuoni baadaye wengi humshauri ANCC. Ukiangushwa na AANPCB unasoma saa 15 za elimu endelevu katika maeneo uliyoshindwa kabla ya kurudia. ANCC wanataka usubiri siku 60. Vyeti vyote viwili huhuishwa kila miaka 5.

Uliza chuo kiwango cha kufaulu kwa mara ya kwanza, kwa miaka mitatu mfululizo, na idadi ya waliofanya. Asilimia 100 ya watu 6 haikuambii kitu.

Baada ya kufaulu: leseni ya jimbo, namba ya NPI ya mtoa huduma, usajili wa DEA wa kuandika dawa zinazodhibitiwa pamoja na saa 8 za mafunzo ya uraibu, kisha kuingizwa kwenye orodha za kampuni za bima, hatua ambayo peke yake huweza kuchukua miezi mitatu au zaidi. Kiasi cha uhuru wako kinategemea jimbo: zaidi ya nusu ya majimbo yanamruhusu FNP kutibu na kuandika dawa bila mkataba na daktari, mengine kama Texas yanautaka. Uliza hilo kabla ya kusaini ajira, pamoja na nani analipia daktari huyo.

Jambo la mwisho ni la faili. Ukihamia jimbo jingine hata baada ya miaka 7, bodi yake inaweza kudai mihtasari ya masomo yako matatu ya msingi na mgawanyo wa saa zako kwa rika, ukiwa na saini. Kufikia hapo chuo kimebadilisha mfumo, mratibu ameondoka, na akaunti yako ya kurekodi saa imefungwa siku nyingi. Pakua mihtasari yote, ripoti kamili ya saa, tathmini za kila prisepta na mikataba ya kliniki wiki ileile unayomaliza saa ya mwisho, na uweke nakala mbili sehemu mbili tofauti.